Windows XP ya kuchakachuliwa: jinsi ya kuikagua, na jinsi ya kujitengenezea iliyo safi

Kompyuta za Windows XP hazijaisha Lamu. Nyingi hazifanyi tena kazi ya ofisi. Zimebaki nyuma ya mashine moja inayozihitaji: mashine ya kukata stika za majina na namba za mashua, cherehani ya kudarizi beji za shule, printa ya pini ya kutoa risiti zenye nakala. Mashine yenyewe ni nzima, lakini programu yake haikubali Windows mpya, na kununua mashine nyingine ni pesa ndefu. Diski ya kompyuta hiyo inapokufa, mwenye duka hutafuta XP popote itakapopatikana. Anacholetewa kwenye flashi mara nyingi si XP ya Microsoft, ni toleo lililopikwa na mtu asiyejulikana: TinyXP, Black Edition, Gold, "SP4" na mengine ya aina hiyo.

Msimamo wa mwongozo huu ni mmoja. Usiweke toleo la mtu usiyemjua. Karibu kila kizuri kilichomo ndani yake, yaani wepesi, driva za SATA (programu za kuiwezesha Windows kuiona diski) na viraka (marekebisho ya makosa), unaweza kukifanya mwenyewe kwa jioni moja kutoka CD yako halali, na ukajua kila kilichoingia na kilichotoka.

Kilichobadilishwa ndani ya matoleo haya

Windows XP ilianza kuuzwa tarehe 25 Oktoba 2001. Service Pack 3 (SP3), mkusanyiko wa viraka ambao ndio wa mwisho rasmi, ilitoka 2008, na Microsoft ikaacha kutoa viraka tarehe 8 Aprili 2014. Hakuna Service Pack 4 ya Microsoft. Zinazoitwa SP4 ni mikusanyiko ya watu binafsi, na baadhi yake ilichukua viraka vya Windows Embedded POSReady 2009, ndugu wa XP aliyetengenezwa kwa mashine za malipo za madukani, ambaye aliendelea kuhudumiwa hadi Aprili 2019. Kwa kuandika neno moja tu kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), XP ya kawaida ilijifanya POSReady ikapokea viraka hivyo. Microsoft yenyewe ilionya mwaka 2014 kwamba havikujaribiwa kwenye XP ya kawaida.

Mengine ni ya wepesi: mpishi ameondoa vipande hadi XP nzima ikabaki megabaiti mia na kitu. Mengine ni ya urembo, rangi nyeusi na sauti mpya, yenye programu kadhaa zilizowekwa bila wewe kuulizwa. Hayo ya urembo ndiyo mabaya zaidi kwa maoni yetu, maana hayana faida hata moja ya kiufundi.

Aina zote hizo hugusa mambo yaleyale. Ulinzi wa faili za mfumo huzimwa, kwa kuwa usipozimwa Windows ingezirudisha faili zake za asili. uxtheme.dll hubadilishwa ili mandhari zisizo na saini zikubalike. tcpip.sys hubadilishwa ili kuondoa kikomo cha miunganisho 10 isiyokamilika kilichowekwa na SP2. Firewall na masasisho ya kujiendesha huzimwa, na uthibitishaji wa leseni hung'olewa. Angalia mpangilio wake: kila kimoja kina sababu inayoeleweka, lakini kwa pamoja vinaacha mfumo usioweza kukwambia kwamba faili zake si zenyewe. Mtu akitaka kupachika cha kwake humo, njia imeshafagiliwa.

Kukagua ISO bila kuiwasha

ISO ni faili moja yenye nakala ya CD nzima. Fanya kazi hii kwenye kompyuta nyingine yenye mfumo wa kisasa. Usibofye setup.exe wala autorun iliyomo. Tunaangalia tu.

Anza na heshi, yaani alama ya vidole ya faili, ambayo hubadilika faili ikiguswa. Kwenye Windows 7 kwenda juu fungua dirisha la amri uandike:

certutil -hashfile xp.iso SHA1

Kwenye Linux ni sha1sum xp.iso. Linganisha na heshi ambayo Microsoft iliitangaza kwa wateja wake kwa toleo hilohilo na lugha hiyohiyo. Ikifanana herufi kwa herufi, ISO haijaguswa na ukaguzi umekwisha. Isipofanana, haina maana moja kwa moja kwamba ina sumu, kwani ISO iliyonakiliwa kutoka CD ya kampuni iliyouza kompyuta haitafanana nayo pia. Ina maana kwamba uangalie ndani.

Fungua ISO kwa 7-Zip. CD safi ya XP Professional ina folda ya I386, na kando yake faili ndogo kama WIN51 na WIN51IP, pamoja na WIN51IP.SP3 kama SP3 imo. Sasa tafuta haya:

I386\WINNT.SIF. Hii ni faili ya majibu, inayomjibia mtu maswali wakati wa kuweka Windows. CD ya rejareja haiji nayo. Ifungue kwa Notepad. Ukikuta mstari wa ProductKey umeshajazwa, leseni ni ya mtu mwingine. Ukikuta sehemu ya [GuiRunOnce], soma kila mstari wake, kwa sababu ni orodha ya programu zitakazojiendesha mara ya kwanza unapoingia.

I386\SETUPP.INI. Ndani yake kuna mstari wa Pid. Herufi tatu za mwisho zinasema CD ni ya aina gani: OEM ni ya kompyuta iliyouzwa na Windows ndani yake, 270 ni ya leseni za makampuni, 335 ni ya rejareja. ISO inayojitangaza kuwa ya rejareja huku inasoma 270, na ufunguo umeshajazwa kwenye WINNT.SIF, imeshajieleza.

I386\SVCPACK.INF, sehemu ya [SetupHotfixesToRun]. Viraka vya kweli vina majina yenye KB na namba. Jina kama update1.exe au sys.exe lisilo na KB ni la kutiliwa shaka.

Folda ya $OEM$ na faili ya cmdlines.txt iliyomo. Kilichomo kwenye $OEM$\$1 kitanakiliwa kwenye C:, na cha $OEM$\$$ kitaingia ndani ya C:\WINDOWS. Hapa ndipo programu za ziada hufichwa.

Last Session.ini au NLITE.INF. Hizi ni nyayo za nLite, programu ya kubadilisha CD ya Windows, na zenyewe si kosa. Last Session.ini inaorodhesha mpishi alichoondoa na alichobadilisha. Ni mara chache kuiona kwenye ISO za kusambazwa, kwani wengi huifuta.

Kama bado unataka kuiona ikifanya kazi, iweke ndani ya VirtualBox (programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya yako): RAM MB 512, diski GB 10, na kwenye mipangilio ya mtandao chagua Not attached. Ikishawaka, fungua C:\WINDOWS\system32\drivers\etc\hosts. Kwenye XP safi mstari pekee usioanza na alama ya # ni wa 127.0.0.1 localhost. Tovuti za antivirusi zikiwa zimeelekezwa huko, jibu unalo. Andika net user uone kama kuna akaunti usiyoijua. Administrator, Guest, HelpAssistant na SUPPORT_388945a0 ni za kawaida. Andika netstat -ano uangalie milango iliyo wazi: 135 na 445 ni ya kawaida, namba kubwa zilizofunguliwa na programu usiyoijua si za kawaida. Kisha pitia msconfig, kurasa za Startup na Services.

ISO ikipita haya yote, bado hujathibitisha kwamba ni safi. Faili nyingi za I386 zimebanwa (ndiyo maana zinaishia na alama ya _, mfano TCPIP.SY_), na moja tu iliyobadilishwa ndani haitajionyesha. Ukaguzi unakuwezesha kuikataa ISO, haukupi ruhusa ya kuiamini.

Kabla ya kurudi XP, jaribu hii

Kwa mashine ya kukata stika hasa, huenda huhitaji XP kabisa. Mashine nyingi za aina hii huelewa HPGL, lugha ya kuziamuru mashine za kuchora na kukata, kupitia waya wa serial, na Inkscape, programu ya bure ya kuchora, inaweza kuituma moja kwa moja. Weka Linux nyepesi. antiX 23 ina toleo la biti 32 kwa kompyuta za zamani. Kisha weka Inkscape pamoja na pyserial, kiungo chake cha kutumia waya wa serial. Ruhusu akaunti yako itumie waya wa serial kwa amri sudo usermod -aG dialout ikifuatwa na jina la akaunti, utoke na kuingia upya.

Andika jina la mashua, uligeuze kuwa mistari kwa Path > Object to Path, kisha nenda Extensions > Export > Plot. Mlango ni /dev/ttyS0 kwa soketi ya serial ya kompyuta yenyewe, au /dev/ttyUSB0 kwa waya wa USB. Kasi ya kuanzia ni 9600, biti 8, bila parity, stop bit 1. Thibitisha kwenye kijitabu cha mashine. Resolution iwe 1016, kwa sababu kipimo kimoja cha HPGL ni milimita 0.025. Herufi zikitoka ndogo au kubwa kwa uwiano uleule, tatizo ni hapo. Weka kalamu badala ya kisu kwa majaribio ya mwanzo. Stika si bei ya maji.

Likitokea jambo hili, usihangaike sana: unachomeka waya wa USB wenye chipu ya CH340, /dev/ttyUSB0 inatokea kisha inapotea sekunde ileile. Kwenye baadhi ya Linux, huduma ya brltty, ambayo ni ya vifaa vya wasioona, huunyakua waya huo. Iondoe na waya utakaa.

Njia hii ikifaulu, achana na XP. Isipofaulu, au kama mashine ni ya kudarizi na programu yake inataka dongo (kifaa kidogo cha leseni kinachochomekwa) kwenye mlango wa LPT, yaani mlango wa printa za zamani, endelea.

Unachohitaji

CD ya asili ya XP pamoja na stika yake ya ufunguo. Aina ya CD na aina ya ufunguo lazima zilingane: ufunguo wa OEM hukataliwa na CD ya rejareja, na kinyume chake. XP bado ni mali ya Microsoft hata kama haihudumiwi, na programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001. Unachotengeneza hapa ni cha mashine yako, si cha kugawia mtaa.

Kifurushi cha SP3, faili iitwayo WindowsXP-KB936929-SP3-x86-ENU.exe, kama MB 316. ENU ni Kiingereza. Lugha ya SP na ya CD lazima iwe moja.

nLite 1.4.9.3. Inahitaji .NET Framework 2.0, kwa hiyo kwenye Windows 10 washa kwanza .NET 3.5 kwenye orodha ya Windows Features.

Viraka vinne: KB958644 (tundu lililotumiwa na kirusi cha Conficker), KB971029 (kuzuia flashi kujiendesha), KB4012598 (tundu la WannaCry, Mei 2017) na KB4500331 (BlueKeep, 2019). Viwili vya mwisho Microsoft ilivitoa kwa XP ingawa muda wake ulishapita, jambo linaloonyesha uzito wake.

CD tupu mbili za MB 700, flashi, betri moja ya CR2032, kifutio cheupe cha penseli na spiriti ya isopropyl.

Mashine kwanza, chumvi kwanza

Mji ulio na bahari mlangoni huila kompyuta polepole. Kutu nyembamba hushika meno ya RAM, halafu XP hulaumiwa. Chomoa umeme, toa RAM, sugua meno yake kwa kifutio hadi yang'ae, yapanguse kwa spiriti, yarudishe. Badilisha CR2032, ikiwa chini ya volti 2.8 hivi usiiache. Betri iliyokufa huirudisha saa nyuma miaka mingi na kuirudisha BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) kwenye mipangilio ya kiwanda, kisha kompyuta inakataa kuwaka kwa sababu hali ya SATA imebadilika bila mtu kuigusa. Tazama kapasita zilizo karibu na prosesa. Zenye vichwa vilivyovimba zibadilishwe kabla hujafanya lolote.

Endesha Memtest86+, programu ya kupima RAM, mzunguko mmoja kamili. Kosa hata moja, usiweke Windows. Malalamiko mengi ya "Setup cannot copy the file" yanatokana na RAM mbovu au lenzi chafu ya CD, si CD yenyewe.

Kama unaweka SSD, igawe kwanza kwa GParted (programu ya kugawa diski), jedwali la msdos, ukichagua mpangilio wa MiB. XP ikiachiwa kugawa yenyewe huanzia sekta ya 63, mahali pasipolingana na mpangilio wa ndani wa SSD wala wa diski kubwa za kisasa, na uandishi unakuwa mzito. XP ya biti 32 haiwashi kutoka GPT (jedwali jipya la kugawa diski) wala haivuki TB 2. CD isiyo na SP1 haioni zaidi ya GB 137, na ukiilazimisha kwenye diski kubwa inaweza kuharibu data. Ndiyo maana tunaingiza SP3 ndani ya CD badala ya kuiweka baadaye.

Kujenga CD

Nakili CD nzima kwenye folda tupu, mfano C:\XPCD. Tengeneza na nakala ya pili, C:\XPCD-ASILI, usiiguse. nLite hubadilisha faili palepale zilipo, na ukikosea huwezi kurudi nyuma. Usiiendeshe mara mbili juu ya folda ileile baada ya kuondoa vipande. Futa, nakili upya kutoka ASILI, anza tena. Kanuni hii ikivunjwa ndipo yanapozaliwa makosa ya ajabu yasiyo na maelezo.

Fungua nLite, ielekeze C:\XPCD. Isome toleo: ikionyesha SP1 au SP2, sawa. Kwenye Task Selection chagua Service Pack, Hotfixes, Drivers, Components, Unattended na Bootable ISO. Fanya vyote kwa mkupuo mmoja.

Service Pack: ielekeze kwenye faili ya SP3. Kama CD yako ina SP3 tayari, ruka.

Hotfixes: weka vile vinne, basi. Kishawishi cha kumwaga mkusanyiko wa viraka mia mbili ni kikubwa, lakini kompyuta hii haitaingia mtandaoni, na kila kiraka cha ziada ni nafasi ya kitu kugongana na kingine.

Drivers ndipo pa kusimama. CD ya XP haina driva ya SATA ya hali ya AHCI, namna ya kisasa ya kuendesha diski. Matokeo yake ni skrini ya bluu yenye 0x0000007B dakika chache baada ya kuanza. Kabla ya kupika driva, ingia BIOS: kama kuna chaguo la IDE, ATA au Compatible badala ya AHCI, lichague, na tatizo limekwisha. Kasi inayopotea haitaonekana kwenye kazi ya stika. Kama chaguo hilo halipo, tafuta utambulisho wa kidhibiti. Kwenye Linux ni lspci -nn, na utaona namba kama 8086:2929. Nne za mwanzo ni kampuni, hapa Intel. Nne za mwisho ni chipu, na 2929 ni AHCI ya ICH9M, 2922 ni ya ICH9 ya mezani, 27C5 ni ya ICH7-M. Pakua driva ya Intel ya aina ya F6, biti 32, ya XP, ifungue, kwenye nLite bofya Insert, Single driver, chagua iaStor.inf au iaAHCI.inf, na itakapokuuliza chagua Textmode (inayotumika tangu hatua ya kwanza ya Setup) na jina la chipu yako tu. Kuchagua driva ya kawaida badala ya Textmode ndilo kosa la kila siku: driva imo kwenye CD, na skrini ya bluu inatokea vilevile.

Components: ondoa michezo, Movie Maker, MSN Explorer, Windows Messenger, Tour, na kibodi za lugha usizozitumia. Usiguse haya: kiini cha Internet Explorer, kwa sababu programu nyingi za zamani hutumia injini yake kuonyesha msaada na hata kurasa za usajili, Print Spooler, WMI, Windows Installer, milango ya COM (serial) na LPT, Task Scheduler, na OOBE (hatua za kuianzisha Windows mara ya kwanza), ambayo ikitoka, uthibitishaji wa leseni hauwezekani. Kwa duka la Lamu kuna moja zaidi. Acha Kiarabu na uungaji wa maandishi ya kulia kwenda kushoto. Mwenye mashua akitaka "Mashallah" kwa hati ya Kiarabu na sehemu hiyo imeondolewa, herufi hutoka zimeachana, kila moja peke yake. Baada ya kuweka Windows, weka pia alama kwenye Regional and Language Options, ukurasa wa Languages, kwa maandishi ya aina hiyo.

Mtu aliyezoea TinyXP ataona tumeacha mengi. Ni kweli. Tofauti ya XP nzima na XP iliyokonda kwenye kompyuta yenye RAM GB 1 ni ndogo, na kipande kilichoondolewa hujulikana siku programu ya mashine inapokataa kufunguka bila kusema sababu.

Unattended: saa za Nairobi, jina la kompyuta, firewall iwashwe. Ufunguo uache wazi, uuandike kwa mkono wakati wa kuweka. CD ikipotea, leseni haijapotea nayo. Ukurasa wa Patches, kama umeufungua, uache ulivyo: tcpip.sys, uxtheme na ulinzi wa faili zibaki za asili.

Bootable ISO: tengeneza faili kwanza, usichome. Ijaribu ndani ya VirtualBox hadi ifike kwenye eneo-kazi. Ikifaulu, ichome kwa kasi ya chini kabisa ambayo CD inakubali.

Kuweka, na yanayogoma

Washa kutoka CD, F8 kukubali leseni, chagua sehemu uliyoigawa. Kwa diski ya sumaku chagua kufomati NTFS kamili, si ya haraka, ili mabovu yajulikane sasa. Kwa SSD ya haraka inatosha.

Ukitumia flashi badala ya CD, tumia WinSetupFromUSB; kunakili faili tu hakutoshi. Njia ya flashi ina makosa mawili yake. La kwanza ni kuulizwa faili ya asms, na sababu ni kwamba Setup imepoteza chanzo chake katikati ya safari. Rudi kwenye CD au tengeneza flashi upya. La pili ni ujumbe wa hal.dll haipo baada ya kuchomoa flashi. hal.dll ipo. Setup iliihesabu flashi kama diski ya kwanza, kwa hiyo boot.ini inasema rdisk(1). Washa ukiwa na flashi, fungua C:\boot.ini, ibadilishe iwe rdisk(0), na uhakikishe faili hiyo iko kwenye diski ya kompyuta.

0x0000007B ni driva ya SATA, tumeshaieleza. 0x000000A5 ni bodi ambayo ACPI yake (mpango wa kusimamia umeme na vifaa) haipatani na XP. Kuna acpi.sys zilizobadilishwa zinazozunguka mtandaoni kwa ajili hiyo, na hapo umerudi kulekule kwa faili za mtu usiyemjua. Tafuta kompyuta ya zamani kidogo, zipo nyingi na za bei nafuu. Kompyuta yenye USB 3 peke yake haitaona kipanya wala kibodi baada ya kuwaka. Chagua yenye soketi za USB 2 au PS/2.

Dongo la LPT linahitaji LPT ya kweli. Waya wa USB kwenda LPT umetengenezewa printa tu na dongo halitaonekana. Kwa dongo la USB, weka driva yake kwanza, chomeka baadaye.

Kuifunga

Mtandao uzimwe kwenye BIOS, si kwa kuchomoa waya. Wi-Fi ya kadi itolewe kabisa. Mteja asiingie eCitizen wala iTax kwenye kompyuta hii kwa sababu yoyote: IE 8 ndiyo ya mwisho ya XP, tovuti za leo nyingi haziifungukii, na nenosiri la mteja kwenye mfumo usio na viraka ni dhima yako.

Tengeneza akaunti yenye mipaka kwa kazi ya kila siku, na nenosiri kwa ya msimamizi. Programu ikikataa kufanya kazi ndani ya akaunti hiyo, ipe ruhusa ya kuandika kwenye folda yake peke yake chini ya Program Files, usiifanye akaunti nzima kuwa ya msimamizi. Kwenye XP Professional kichupo cha Security kimefichwa. Kitaonekana ukiondoa alama ya Use simple file sharing kwenye Folder Options.

Njia pekee ya kuingiza kazi ni flashi, kwa hiyo kirusi kitaingilia hapo. Fungua regedit, HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\Explorer, ongeza DWORD iitwayo NoDriveTypeAutoRun yenye thamani ya heksi FF. Teua flashi moja ya duka, nyingine zisiguse mashine: mteja akileta mchoro, ufunguliwe na kukaguliwa kwenye kompyuta yenye mfumo wa kisasa, uhamishiwe kwenye flashi ya duka. Folda zikigeuka shortcut usizibofye. Ipeleke flashi kwenye kompyuta ya kisasa yenye antivirusi, na hapo andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako. Folda za kweli zitatokea, kisha ufute zile shortcut.

Ukimaliza kuweka programu ya mashine na kukata stika moja ya majaribio, zima na uwashe kutoka Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima. Kwa prosesa za biti 32 tafuta toleo la i686, hata likiwa la zamani. Chagua device-image, halafu savedisk, uhifadhi kwenye diski ya nje. Jaribu kuirudisha taswira hiyo kwenye diski ya pili na uiwashe siku hiyohiyo, wakati diski ya kwanza bado ni nzima. Diski ya akiba iwekwe kwenye mfuko uliofungwa pamoja na pakiti ya silika, mbali na dirisha linalotazama bahari, na kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake andika hali ya SATA iliyo kwenye BIOS, namba ya mlango wa COM na kasi ya serial.